Rangi ya Chini

Mchana nachora pundamilia wa kuuzia wageni,
kumi kwa wiki, na Kassu wa Shangani
ananihesabia mpaka mistari:
"Huyu mnene, Mize. Wageni hawapendi mnene."
Sijawahi kumwona pundamilia. Kisiwani hayupo.
Namchora kama mtu anayeapa kwa jambo alilosimuliwa.

Usiku ndio kazi yangu.
Michenzani, jumba la sita, ghorofa ya nne,
maji yamekatika, ndoo mbili mlangoni,
na redio ya kanda mbili aliyoacha baba:
mdomo mmoja unaimba, wa pili unameza.
Kila mwaka, Shaabani ikikaribia kwisha,
naunga kanda moja, nachora na jalada lake.
Wengine wana shajara.

Ile ya kwanza ni aibu, wala siifichi.
Vuai alikuwa ameniacha kwa simu,
nami nikakusanya nyimbo za watu, zote za kulia,
fidla juu ya fidla, wanawake wa sauti nzito
wakiyasema niliyoshindwa kuyasema.
Jalada lilikuwa buluu ya dobi, buluu tupu,
nilipaka mpaka karatasi ikatoboka.
Dada yangu Time alisikiliza nusu, akaizima.
"Mie sijui wewe uko wapi humu."
Nikamnunia siku nane.

Baadaye nikanunua wembe.
Kidumbaki cha harusi, mkwasa ukigonga
kama mwenye nyumba anayedai kodi,
nikakikata katikati, nikakiunga na dufu kwa selotepu,
maana nilichoka kungoja wimbo uishe ndipo uanze mwingine.
Mkono ulikuwa unajua zamani, sikio likachelewa:
weka njano nyekundu ikiwa mbichi,
uone zitakavyogombana.

Mwaka mmoja hauna kanda. Mama alilazwa.
Jalada lipo, jeupe,
lina duara la gilasi ya chai.

Na mwaka uliofuata nilikosea.
Nilirekodi zumari, binamu kanitumia kutoka Wete,
juu ya kanda niliyoikuta mezani.
Kumbe ya baba. Baba akihesabu magunia ya karafuu,
kwa sauti, na redio imewashwa iwe shahidi,
asije akadhulumiwa.
Nililia mpaka nikaona haya.
Lakini redio ile imezeeka, haifuti sawasawa.
Chini ya zumari, mbali, kama mtu nyuma ya pazia:
thalathini na mbili,
thalathini na tatu.

Tangu hapo sipaki juu ya kitu nikadhani nimekimaliza.
Rangi ya chini haifi. Hutoka jasho miaka baadaye,
shingoni mwa pundamilia, pale pale usipotaka.

Nyimbo za watu zikapungua zenyewe.
Pakaingia brashi ikioshwa kwenye kopo la maziwa,
mama, aliyepona, akidai chumvi,
baba na magunia yake, nimempandisha sauti kidogo.

Jana usiku niliimba.
Mimi. Ubeti mmoja, sauti ya puani.
Bi Mboja wa ghorofa ya tatu akagonga dari kwa mpini wa ufagio:
"Mize! Watu wamelala!"
Mara tatu, akapumua, mara mbili.
Nikarudisha nyuma, nikasikiliza.
Mwanamke yule yumo ndani ya pigo, barabara.
Sikumkata.

Jalada nimempa yule mnene aliyekataliwa na Kassu.
Mistari imemtoka mwilini, inashuka ngazi.

Asubuhi nikampelekea Bi Mboja maandazi ya kuomba radhi.
Alinipokea mkono kiunoni.
"Haya, na ule wimbo unaishaje?"
Nikamwambia sijui, upande wa pili mtupu.
Akachukua sahani, akafunga mlango.

Nilikuwa nishafika juu, natafuta ufunguo,
nikasikia ufagio wake, taratibu,
mara tatu, kimya,
mara mbili,
kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake.