Magiza ya Katikati

Baba alikuwa akihesabu giza.
Saa tisa za usiku, lori la maziwa likishaiacha
taa ya mwisho ya Anápolis, huniambia,
"Nilcéia, anza,"
nami huanza: moja, mbili, tatu,
kila nguzo ya kilomita isiyo na taa ni giza moja,
mpaka Goiânia ichomoze mbele yetu
kama makaa yaliyopanguswa majivu.
Mwaka niliong'oka jino la mbele
tulipata magiza thelathini na manane.

Nikawa naandika kwa penseli ndani ya mlango wa lori.
Thelathini na moja.
Ishirini na manne, walipofungua kiwanda cha dawa.
Kumi na tisa, lilipokuja lile ghala la matairi.
Baba akagoma. Ghala si mji, alisema,
taa zake zisihesabiwe.
Nikamwambia, Baba, giza halijui taa ni ya nani.

Sasa miji hii inatazamana
kama watani waliokosana siku nyingi
wakakutanishwa na matanga:
hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusalimia,
ila viti vinasogea.

Dukani kwa Bwana Ildebrando, ninakopakia mikate,
mjadala hauishi.
Mwenyewe anaapa utakuwa mji mmoja
kabla hajamaliza deni la meno yake ya bandia.
Fundi Wanderlei, Mwanápolis wa kufa na kuzikana,
anagonga meza hadi vikombe vinaruka:
"Tutamezwa! Mwenye tumbo kubwa
hasemi tumeungana. Anasema nimeshiba."
Bi Zoraide, msafisha ofisi huku, mlala kule,
anauliza tu kama nauli itakuwa moja au mbili.
Hakuna anayemjibu.

Nyumba ya shangazi yangu iko pale pale kati,
kwenye shamba la nyanya,
udongo mwekundu hadi ndani ya chumvi.
Madai ya kodi humfikia kutoka pande mbili,
kila upande umekosea jina lake kwa namna yake.
Lakini usiku ule alipoteleza bafuni
simu ya kwanza ilimwambia: huko ni kwa wenzetu.
Ya pili: huko ni kwa wenzetu.
Basi akalala kwa wenzetu hadi alfajiri,
shavu juu ya kigae,
akiyasikiliza malori.

Nyonga ikaungwa kwa skrubu mbili.
"Hiyo miji yenu itaunga hivi hivi," alisema,
akijipapasa kovu juu ya gauni.
"Mfupa haukuulizwa.
Unatembea, ndiyo.
Na mvua ikikaribia, unauma."

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili
na darubini ya miguu mitatu,
wakapigilia kigingi chenye utepe wa rangi ya chungwa
katikati ya matuta.
Nikawauliza, kigingi hiki ni cha mji gani?
Mmoja alicheka.
Mwingine hakuweza kujibu,
alikuwa na nyanya yetu mdomoni.

Leo nimempakia Baba kwenye gari la mikate.
Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili,
anaujua mkate wa moto kwa pua na kona kwa mabega.
Tulipoipita taa ambayo zamani ilikuwa ya mwisho
akaniambia, "Nilcéia, anza."

Yamebaki mawili.
Moja ni la mtoni, ambako ardhi ni tope na haijengeki.
La pili ni shangazi:
kila usiku hutoka na mkongojo wake
akaizima taa ya barabarani waliyomwekea mlangoni,
swichi aliitafuta mwenyewe, hakumwuliza mtu.

Moja, nikasema. Mbili.
Kioo chote cha mbele kilikuwa cheupe kwa taa.
Tatu, nikasema. Nne.
Nikaenda hivyo hadi kumi na moja,
sauti yangu ikianza kukwama.

"Umeruka la ghala," akasema Baba.
Nikarudi nyuma, nikalihesabu.