Barua kwa Mwenye Tuta

Barua niliiandika mimi, kwa karatasi ya manispaa:
nembo juu, muhuri chini, na katikati
maneno makavu kama ganda la kitunguu.
Bi. Fevronia Kuzmina, shamba namba kumi na saba,
bomba litapita kwako, upana mita sita,
fidia italipwa. Nikatia sahihi.
Kisha nikaipeleka mwenyewe, nikapiga hodi
kwenye mlango niliozaliwa nyuma yake.

Mama aliisoma amesimama, miwani puani,
kidole kikifuata mstari kama apandaye mbegu.
"Kumbe mavi ya mji mzima yana njia," akasema,
"na vitunguu vyangu ndivyo vya kupisha."
Ni majitaka, mama, tena yamesafishwa.
"Hata ukiyapaka manukato."

Matuta ya ufuo huu hayakuumbwa na Mungu.
Yalibebwa kwa ndoo, tope la Ziwa Peipsi juu ya tope,
tangu wahenga walipokimbilia huku
na sala zao za zamani na njaa yao mpya.
Ukichimba hapo, unachimba migongo ya watu.

Lakini bomba la kale nalijua pia.
Liliishia kwenye matete, hatua arobaini toka gatini,
na sisi watoto tuliujua upepo kwa pua.
Julai ile maji yaligeuka kijani, rangi ya uzio.
Kibao kilisema marufuku kuogelea.
Kaka yangu Lavrenti aliogelea.
Siku tisa hospitali, mama akimnywesha kwa kijiko.
Hilo mama halitaji.
Hata mimi sikuliweka kwenye barua.

Mei, Zinovi alizima katapila penye tuta la kwanza,
akavua kofia, akangoja.
Mama akatoka na koleo, akang'oa miche yake,
mche kwa mche, mistari kumi na minne.
Hakuna aliyethubutu kusogea
ila Heldur, fundi wa kuunga mabomba,
mtu wa mjini asiyejua neno la lugha yetu:
alikuja tu, akashika ndoo.
Nilitazama saa. Mkandarasi hulipwa kwa siku.
Nikaifunika saa kwa mkono wa shati.

Wiki tatu Heldur aliunga.
Alikwangua midomo ya mabomba mpaka iking'aa,
akaisukuma kwenye sahani ya moto, akaitoa, akaibusisha,
akahesabu kwa sauti, na kidole juu: msiguse, ipoe.
Mita mia tisa za weusi zikalala juu ya maji,
vizito vya zege vimezibana
kama vifungo vya koti la askari.

Siku ya kulizamisha nilikuwa mashuani, mwisho kabisa.
Simu ikatetemeka, ikanikaribisha nchi ya ng'ambo,
ijapokuwa mpaka ulikuwa mbali na haukuonekana.
Ufukweni wakafungua maji.
Ukiharakisha linavunjika. Ukichelewa, upepo unaamka.
Bomba likainama, likazama kipande kwa kipande,
na hewa yote iliyokuwa tumboni mwake
ikanitokea mimi usoni, pumzi ndefu ya plastiki na vumbi,
pumzi ya mwisho safi litakayoitoa.

Oktoba, usiku, mama akapiga simu.
Hakusalimu.
"Nimevuta maji ya choo. Saa tatu na dakika nne.
Yatafika lini?"

Nikapiga hesabu kweli, kalamu mkononi:
pampu, matangi, vijidudu na mlo wao,
kisha bomba, kisha giza la chini.
Keshokutwa asubuhi, mama.

Akanyamaza. Nilisikia kisu kikigonga ubao,
kitunguu, bila shaka, na pua yake ikivuta.
"Basi keshokutwa," akasema,
"nitashuka gatini kuangalia rangi."