Inchi Mbili na Nusu

Katalogi iko mezani, kati ya chumvi na dawa za mama.
Mwezi mzima nimeifungua ukurasa uleule
hadi pikapu iliyomo imeota duara la kikombe changu:
inchi sita juu, matairi kama ng'ombe waliolala,
chini ya tumbo lake mbuzi angepita bila kuinama.

Naitaka hiyo.
Nisijifanye. Nina miaka arobaini na saba, naitaka hiyo.

Binamu yangu Delbert anayo. Ukipishana na Delbert njiani
unasalimiana na ekseli yake.
Akisimama dukani Kayenta, vijana huizunguka wakichungulia chini
kama wanaotafuta sarafu iliyoanguka.

Lakini Harlan Manygoats, fundi, hakuniuliza nataka nini.
Alilala chali juu ya kadibodi, akagonga springi za nyuma kwa spana,
akasikiliza, kama anayechagua tikiti sokoni.
"Hizi zimechoka."
Kweli. Mapipa mawili ya maji kila Jumamosi,
kutoka kisimani hadi nyumbani, maili kumi na nane za vijituta
vinavyolegeza meno na nati kwa pamoja.

Akaendelea na hesabu akiwa kulekule chini, naona buti tu:
ukiinua sita, propela shafti itakaa kombo, itatetemeka, itakula jointi;
breki zitadai mipira mirefu; usukani utatangatanga;
upepo wa Aprili utakusukuma kama gazeti.
Na vile vipande vya bei rahisi, vya kupachika juu ya springi kuukuu,
"ni kumvisha mgonjwa viatu vya visigino."

Kimya. Spana. Kisha:
"Unampakia nani?"

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi alfajiri,
nampakia mama, Desbah, miaka themanini na mmoja,
kwenda Chinle kwenye mashine ya kumsafisha damu.
Goti lake la kushoto lina mpaka. Naujua mpaka huo
kuliko ninavyoijua mipaka ya malisho yetu.

Nikarudi nyumbani na futi ya seremala.
Nikamsimamisha kando ya mlango wa gari, nikapima
kutoka ardhini hadi unyayo unapofika kabla uso haujabadilika.
Inchi kumi na nne.
"Unanipimia jeneza?"
"Gari, mama."
"Mradi lisiwe kama la Delbert. Lile ni la kupakia rangi dari."

Lakini njia nayo ina kipimo chake.
Machi, theluji ikiyeyuka, udongo mwekundu hugeuka uji,
nyayo za magurudumu huchimbika mpaka gotini.
Mwaka jana tulilalia difu pale mkondo mkavu unapokata njia,
mkavu kwa jina tu siku ile,
saa mbili nzima, mama na koti langu juu ya koti lake,
na kule Chinle kiti chake akapewa mtu mwingine.
Tangu hapo nalala na vimo kichwani:
barabara inasema panda,
goti linasema shuka.

Aliye juu, husemwa, mngoje chini. Sawa.
Lakini aliye chini ana miadi saa moja asubuhi.

Nikaagiza inchi mbili na nusu.
Springi mpya za mabapa, bapa moja la ziada kwa ajili ya maji,
shokapu ndefu za gesi, bushi za mpira,
si zile ngumu wanazosifia wakimbizaji; mama ana mgongo.
Harlan akachomelea kidato cha kupandia
kwa chuma cha kitanda alicholalia dada yangu Charlene utotoni.
Upande mmoja bado kina rangi ya waridi. Hatukuigusa.

Ukurasa wa inchi sita niliung'oa. Sikuutupa.
Uko nyuma ya mlango wa stoo, na duara lake.

Jana palikuwa na matope. Tuliuvuka mkondo
tumbo likigusa kidogo, mlio wa mtu anayekwangua sufuria.
Mama alishika mpini kwa mikono miwili,
hakusema neno mpaka lami.
Kisha:
"Ungeongeza nusu."