Joka la Muyenga

Sisi wa Namuwongo, wa chini, wa kando ya reli,
tunajua bwana Ssemuwemba alivyotajirika:
ana joka.
Liko chumba cha juu, penye pazia jeusi.
Hutapika noti alfajiri,
noti mbichi, zenye mate,
na mkewe huzianika roshani kama dagaa wa Ggaba.

Nakibirige wa roleksi ana ushahidi:
trei kumi za mayai kila wiki, anawauzia yeye,
na nyumba ile ina watu wanne.
Twaha wa boda anajua zaidi.
Joka, asema, lilikuja kwa ndege,
zawadi ya wakubwa wa dunia,
watu kumi na watatu wasio na majina,
wanaokaa Uswisi chini ya barafu.
Wakiamka huamua:
mwaka huu kahawa ishuke,
mwaka huu shilingi ipate homa.
"Na sisi?" nikamuuliza.
"Sisi hatumo hata kwenye hesabu, Fadimula.
Sisi ni chenji."

Basi bomba likapasuka,
la chumba kilekile.
Wakaniita mimi.
Nilisoma Ayatul Kursi ngazi nzima,
spana mkononi, viatu nimeviacha mlangoni,
kidole gumba kikichungulia marumaru
kwenye tundu la soksi.

Mlango ukafunguka.
Makabati.
Makabati ya chuma, ya kijivu, kama ya zahanati,
maji yakitambaa juu ya zulia,
na bwana Ssemuwemba kapiga magoti, kaptula imelowa,
anaokoa karatasi mojamoja, anazipuliza
kama mtu apoozaye uji wa mtoto.
"Funga maji! Funga!"
Nikafunga.
Akanipa rundo nimshikie.

Hati za ardhi.
Niliisoma ya juu; mtu akishikishwa karatasi husoma.
Namuwongo, upande wa reli, ploti kwa ploti:
msikiti wa mabati, kibanda cha Nakibirige,
choo chetu (choo!) kimechorwa mraba,
kimepewa namba.
Twaha alikosea.
Kwenye hesabu tumo.

Simu ikalia. Bwana akasimama wima, anachuruzika.
"Naam, mheshimiwa. Naam.
Mwezi wa tisa watakuwa wameshatoka."
Sauti ndogo. Naijua ile sauti,
ni yangu, nikiongea na mwenye nyumba.
Akaweka simu, akaitazama dari.
"Fundi, wewe hujui tu.
Wenyewe wako huko. Sisi huku tunatumwa."
Kisha akanipunja elfu kumi.

Jioni wakanizingira.
Nakibirige alinikaangia roleksi ya mayai matatu, bure,
jambo ambalo halijawahi kutokea.
"Umeliona?"
Nikawaambia: hakuna joka. Kuna makabati.
Kuna karatasi, na sisi tumo ndani yake. Mwezi wa tisa...
"Na mayai yangu?"
"Anawapa mbwa."
Hilo lilimuuma kuliko mwezi wa tisa.

Wakanitazama kama mla hongo.
"Wameshamfunga mdomo," mtu akanong'ona.
Nakibirige akaanza kuiangalia roleksi mkononi mwangu
kwa jicho la mtu anayejuta.

Nikatafuna. Nikameza.
"Haya," nikasema, "lina magamba ya kijivu.
Limejikunja mara nne, kila mkunjo una kufuli."
"Linakula nini?"
"Linakula mahali."
Wakashusha pumzi, wameridhika.
Twaha akaniagizia soda.

Leo ni tarehe ishirini na sita, mwezi wa nane.
Usiku maji yanashuka kutoka matangi ya Muyenga,
yanapita chini ya vitanda vyetu, hayasimami,
na mimi, fundi, nijuaye kila koki na kila kiungo,
nalala macho, nasikiliza
kitu kirefu kikijivuta ndani ya chuma.
Najua ni maji.
Najua.