Parachichi Ndani ya Debe la Unga

Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inahamia.
Ilikuja mwezi wa tatu na virago vyake,
ikatandika juu ya bati letu, na leo ni Mei,
soksi za watoto zinaning'inia juu ya jiko
kama mbasa wa Matema, ila hazikauki.

Usiku mama ameamka mara nne.
Mara ya kwanza, haja ndogo.
Mara ya pili, haja ndogo ile ile, kitandani.
Mara ya tatu alitaka kujua mimi ni nani.
Nikamwambia: Tusekile, mwanao.
Akanitazama kwa adabu, kama mgeni wa kanisani,
akasema, Tusekile ni mdogo, yuko shule.
Mara ya nne alitafuta ng'ombe.

Ng'ombe waliuzwa mwaka nilipofaulu darasa la saba.
Wao ndio walikuwa ada yangu.

Gwamaka yuko Tunduma na lori, siku ya tisa kwenye foleni.
Simu yangu, kila nikimpigia, inaniambia salio halitoshi
kwa sauti ya dada aliyelala vizuri.
Bupe anaota meno. Ambakisye ana mtihani, tena ana jipu.
Jirani wa juu ameniuliza, kwa upole, kama tumejaribu maombi.
Tumejaribu.

Lakini nina parachichi.

Nililinunua Jumatatu, gumu kama kokoto,
nikalizika kwenye debe la unga, chini kabisa,
mahali ambapo mtoto hawezi kutia mkono
asitoke mweupe hadi kwapani, amejishtaki mwenyewe.
Jumanne nikalibonyeza: bado.
Jumatano: bado, ila lilikuwa linafikiria.
Alhamisi mama alimwaga uji, nikapiga kelele,
nikalia, nikapiga deki, nikaingiza mkono ungani,
si kwa kukagua, kwa kushika tu,
kama unavyogusa noti uliyoifunga kwenye pindo la kanga.

Leo alfajiri limekubali.

Natoka nyuma ya jiko, chini ya upenu.
Kisu. Chumvi kiganjani.
Rungwe haupo, umejifunika shuka mpaka kichwani,
nami ningekuwa mlima ningefanya hivyo hivyo.
Ndani mkaa umeshika, unalia ti, ti.
Kisu kinapita bila ubishi, kokwa inatoka nzima,
na ule ukijani unaogeuka manjano karibu na moyo,
sina jina lake.
Sili kwanza. Nasubiri.
Dakika nzima hakuna anayeniita,
si mama Bupe, si shemeji, si "we!"
Kisha nakula nusu, macho nimeyafumba.
Siagi ya maskini, wanasema. Waache waseme.
Leo mimi tajiri, tena tajiri mchoyo.

Mlango unalia.
Mama, peku, sweta la Gwamaka kalivaa nyuma mbele.
Najua kinachofuata: matope, miguu, maji ya moto, kuanza upya.
Na nikaficha. Naungama, nikaficha mgongoni,
mwanamke wa miaka arobaini na mbili.

"Umewafungulia?"
Nani, mama?
"Ng'ombe."

Majibu nilikuwa nayo, ya miezi minane:
mama, waliuzwa; mama, twende ndani, baridi.
Nimeyachoka kuliko anavyoyachoka yeye.
Nikasema: wako wangapi?

Akanyoosha kidole kwenye ukungu, akawataja taratibu:
yule mwenye doa la paji, yule mvivu,
yule aliyempiga baba teke siku ya kipaimara,
baba akachechemea mpaka madhabahuni
(nilicheka; naye akacheka, bila kujua kwa nini, au akijua),
na kule mwisho, karibu na migomba, ndama.
"Ndama wa Tusekile. Huyo hauzwi."

Sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa na ndama.

Nikaleta mkono mbele,
ile nusu iliyobaki, imeanza kuingia weusi pembeni.
Akaitazama. Akanitazama.
Akafungua kiganja kingine, kitupu, akangoja.

"Na chumvi?"