Saa Tisa Usiku, Katumba

Mchana, nikiiendesha kwa mkono wangu, inakwenda:
kilo za chai za Atupakisye, za Mwaisumo,
zinahesabika, ujumbe unaruka,
simu zinalia huko mashambani.

Saa tisa usiku, ratiba ikiiamsha peke yake,
skripti ileile inaanguka kizingitini.
Asubuhi nakuta mstari mmoja: nywila haipo.

Haipo vipi? Si niliiweka mwenyewe?

Siku ya tatu, mvua ikipiga bati, chai imepoa kikombeni,
ndipo nikaelewa.
Nilikuwa namtuma mtoto gizani akalete chumvi
bila kumwambia kopo liko rafu gani.
Mimi nikiingia, nyumba yote inanijua.
Yeye anaingia nyumba hiyohiyo
na hajui hata jiko liko upande gani.

Basi nimemwandikia yote kwenye faili moja,
njia, nywila, jina la hifadhidata,
nikalifunga wapita njia wasilisome,
na juu kabisa ya skripti: soma hili kwanza.

Nikalala.

Saa tisa na dakika mbili simu ya mama ikalia chumba cha pili.
Kilo kumi na nne.
Nikamsikia: "Mchawi gani huyu, anapima chai usiku?"