Senti Kumi

Shangazi Nyanzobe hakufundishwa na mtu.
Alifundishwa na kwelekwele
kule Nassa, kwenye mtama wa baba yake,
kwa manati ya mpira wa baiskeli na kokoto za mtoni.
Babu alihesabu ndege walioanguka
akasema huyu ataniletea ng'ombe wengi.
Hakuleta. Alinunua bunduki ya upepo
kwa karani wa jineri aliyehamishwa,
kitako kimefungwa waya wa shaba.

Mimi ni Kashinje. Nilikuwa mshika senti.
Mnazikumbuka senti kumi za zamani, zenye tundu katikati?
Nilibandika karatasi ya sigara juu ya tundu, kwa mate,
nikaishika kwa vidole viwili, mkono umenyooka.
Hatua kumi na tano.
Karatasi ilichanika. Senti haikulia.
Hicho ndicho watu walicholipia: kutosikia kitu.

Uwanja wa Nyamagana, Lubango mwenye kikundi,
suti ya kijivu, viatu vya kuazima, alipaza sauti:

    Tazameni huyu mama, jicho lake halikosi,
    akilenga husimama hata kunguru mwepesi!

Mizani yake ilitimia.
Mishahara yetu haikutimia.

Magu, Geita, Nansio, Musoma,
juu ya lori la pamba linalorudi tupu,
nyuzi nyeupe zimetuganda nywele kama tumezeeka njiani.
Wanaume waliuliza nani kamfundisha.
Wanawake hawakuuliza; walikuja kugusa kidole gumba chake.
Nansio mzee mmoja alinusa mtutu, akatafuta hirizi
mpaka kwenye waya wa shaba.
"Dawa ni kutopumua," Shangazi akamwambia,
"na huyu mtoto awe ameshakula.
Mkono wenye njaa una maneno mengi."

Kisha Bukoba. Mvua juu ya turubai.
Lubango alisema watu wa hapa wameona mengi,
senti isogee, ikae kando ya sikio.
Nikaisogeza.
Shangazi alikuwa ameshaacha kupumua
nilipoona pembe ya turubai ikiinuka
na viatu vya kuazima vikitoka, kimoja, kingine,
na kopo la viingilio kwapani.
Niligeuka. Nani asingegeuka?

Senti ililia siku hiyo.
Ncha ya sikio iliondoka, kiasi cha punje ya mtama.
Alikuja taratibu, akanifunga kwa leso, akasema
kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu:
"Sikukosa. Wewe ndiye uliyekosekana."
Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Siku kumi na saba tulikaa Bukoba
akiua panya kwenye ghala la kahawa,
senti tano kwa kila mkia,
hadi ikatimia nauli ya meli, daraja la tatu.
Usiku ule ziwani hakulala.
Alinipapasa sikio kila nilipojifanya nimesinzia.

Hakunishikisha senti tena.
Alilenga ndulele zilizopangwa juu ya mawe,
na Mwanza haina uhaba wa mawe.
Watu walipungua. Ndulele halina mama
wa kumwonea huruma.
Mwaka ule wa vibali bunduki ikapelekwa kituoni;
aliomba arudishiwe waya wa shaba tu.

Sasa yuko Kirumba, anashona sare za shule.
Macho yote mawili yana mtoto wa jicho.
Bugando wamesema tusubiri.
Cherehani anaiendesha kwa vidole na kumbukumbu;
vifungo ndivyo vinavyomshinda.

"Kashinje, tunga uzi."
Nailowesha ncha kwa mate,
naishika sindano kwa vidole viwili,
mkono umenyooka kwenye mwanga wa dirisha.
Barabarani mtu anapita na redio. Nageuka kidogo,
kidogo sana.

"Tazama mbele," anasema,
yeye ambaye hata dirisha halioni.